Utabiri, Tahadhari na Katazo: Istilahi za Kuwaonya Wananchi juu ya Maporomoko ya Ardhi

Jumamosi tarehe 13 Januari 2024, ardhi iliporomoka katika machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Wachimbaji wadogo waliokuwamo walifukiwa, na miili ya watu 22 ikatolewa kifusini. Mvua zilikuwa zimenyesha kwa wingi kwa muda mrefu. Viongozi wa serikali walieleza baadaye kwamba eneo lile lilikuwa limekwisha kukaguliwa, na kwamba uchimbaji humo ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua hizo hizo. Hatari, basi, ilikuwa imejulikana, na neno lilikuwa limekwisha kusemwa.

Siku 41 kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo yaliteremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, kama baadhi ya watu walivyodhani. Mwamba laini wa mlima ulikuwa umenyonya maji mpaka ukashindwa kujishikilia.

Makala haya hayakusudii kuchunguza nani alikosa na nani hakukosa. Kazi hiyo ina wenyewe. Kusudi letu ni dogo zaidi, lakini linatuhusu sisi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali: kuyatazama maneno tunayoyatumia tunapowaonya watu kwamba ardhi inaweza kuporomoka, na kuuliza kama maneno hayo yanafanya kazi tuliyoyatuma. Hatudai kwamba istilahi njema peke yake ingaliwaokoa waliofariki. Mchimbaji hupima mambo mengi kabla ya kuteremka, na riziki ni mojawapo. Lakini onyo lisiloeleweka sawasawa humpunguzia mtu nafasi ya kupima vema, na hilo ni jambo ambalo lugha inaweza kulirekebisha.

MAARIFA YALIYOTOKA KWENYE THELUJI

Elimu ya kutabiri maporomoko na kuyatangaza kwa umma ilikua zaidi katika nchi za milima yenye theluji, hasa katika milima ya Alps, barani Ulaya. Nchini Uswisi iko taasisi ya utafiti wa theluji katika mji wa Davos, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikiwatolea wananchi taarifa za hatari ya poromoko la theluji. Msomaji wa Bariadi, ambako theluji haijapata kuanguka, anaweza kuuliza elimu hiyo yamfaa nini. Inamfaa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni namna jambo lenyewe linavyotukia. Theluji ya mlimani hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likiwa dhaifu, na mzigo wa theluji mpya ukiongezeka juu yake, hufika saa ambapo mshiko haustahimili uzito, na ubavu mzima wa mlima huteleza kwa mara moja. Udongo na mwamba laini hufuata kanuni iliyo karibu na hiyo. Maji ya mvua huongeza uzito wa ardhi. Hapo hapo hupenya katikati ya chembe za udongo na nyufa za mwamba, yakapunguza mshiko wake. Kwa hiyo mtabiri wa theluji na mtabiri wa maporomoko ya ardhi huuliza maswali yale yale: ardhi imekwisha kubeba kiasi gani, kiasi gani kinakuja, na tabaka dhaifu liko wapi. Mvua ya leo haiwezi kupimwa peke yake bila ya kuhesabu mvua ya juma lililopita. Hong Kong, mji wenye miinuko mikali na mvua nyingi, imekuwa ikitoa maonyo ya maporomoko ya ardhi tangu mwaka 1977 kwa kufuata kanuni ya namna hiyo.

Sababu ya pili inahusu lugha. Kwa miaka mingi kila nchi ya Alps ilikuwa na ngazi zake za hatari, zenye idadi na majina mbalimbali. Msafiri aliyevuka mpaka mlimani alikuta neno lile lile lina maana nyingine. Mwaka 1993 nchi hizo zilikubaliana juu ya ngazi moja yenye madaraja matano. Kila daraja lilipewa tarakimu, neno moja katika kila lugha, na maelezo ya hali inayotarajiwa. Hayo yalikuwa makubaliano ya istilahi kabla ya kuwa makubaliano ya sayansi.

Hata hivyo, ngazi hiyo ilifunua tatizo ambalo nasi tunalo. Nchini Uswisi daraja la 3 hutangazwa kwa theluthi moja hivi ya siku za majira ya baridi, lakini takriban nusu ya vifo vya maporomoko ya theluji hutokea siku za daraja hilo. Daraja la 5 likitangazwa, kila mtu hukaa ndani. Likitangazwa la 3, ambalo liko katikati, watu huona kwamba hatari ipo lakini si ya kutisha, wakatoka. Daraja la kati ndilo linaloua, na sehemu ya sababu ni jinsi neno la katikati linavyosikika. Tutarudi kwenye jambo hili.

NINI KINACHOANGUKA?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya vitu vinavyoshuka. Tunayo poromoka, bomoka, meguka, teleza, titia, didimia, anguka na momonyoka. Tabu ni kwamba katika matangazo yetu karibu yote hufunikwa na neno moja, "maporomoko", nalo neno hilo lina shughuli nyingine. Mwanafunzi wa jiografia hulijua kwanza kama maporomoko ya maji, kama yale ya Kalambo au ya Viktoria. Kwa hiyo yafaa, katika taarifa rasmi, neno hilo lisiachwe peke yake. Lifuatwe daima na kijalizo: maporomoko ya ardhi.

Aidha, tunayo maumbo mawili, poromoko na mporomoko. Kwa kuwa yote mawili yamekwisha kuenea, twapendekeza yagawane kazi. Poromoko (mapo-, katika ngeli ya li-ya) liwe tukio lenyewe, au ile shehena ya udongo iliyoshuka: "poromoko lilifunga barabara". Mporomoko (ngeli ya u-i) uwe kitendo au mwendo wa kushuka, kama tusemavyo mporomoko wa bei: "mporomoko wa ardhi huanza kwa nyufa".

Lakini haja kubwa zaidi ni kutofautisha namna za kushuka, maana kila namna ina njia yake ya kujiokoa.

Mmomonyoko wa udongo ni kazi ya polepole. Maji au upepo huchukua chembe baada ya chembe, mvua baada ya mvua. Mkulima wa pamba wa Simiyu aujua vema. Huharibu shamba, lakini haumfukii mtu. Ni kosa, basi, kuita tukio la Hanang au la Ng'alita mmomonyoko, kosa linaloonekana mara kwa mara katika tafsiri.

Mtelezo wa ardhi ni ubavu wa mlima au kilima kushuka ukiwa bado umeshikamana, kama mkeka unaovutwa kitandani. Aghalabu hutanguliwa na dalili: nyufa katika ardhi, miti inayoinama, milango ya nyumba inayokataa kufungika, chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwapo. Mwenye kuziona dalili hizi anao wakati wa kuhama. Nchini Uganda, tarehe 1 Machi 2010, ardhi ya mabavu ya Mlima Elgon iliteremka ikakifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa.

Mkondo wa tope ni mchanganyiko wa maji, udongo, mawe na magogo unaofuata bonde kwa kasi. Hivyo ndivyo ilivyotokea Katesh. Aliyemo njiani mwake hawezi kuushinda kwa kukimbia kufuata bonde. Hana budi kupanda ubavuni, nje ya njia yake. Magazeti yaliandika mafuriko, maporomoko, matope, na wakati mwingine yote matatu katika sentensi moja. Neno mafuriko humfanya msikilizaji afikirie maji yanayopanda polepole, apandishe vitu juu ya meza. Neno mkondo humwambia kwamba kitu hiki kina njia na kasi.

Mwanguko wa mawe ni mwamba kumeguka na kuanguka kutoka juu. Mwezi Januari 2006 mawe ya namna hiyo yaliwaua wapanda mlima watatu kutoka Marekani katika njia ya Western Breach, mlimani Kilimanjaro. Hapa kanuni ni kutokaa wala kulala chini ya genge lenye mawe yaliyolegea.

Mbomoko wa duara ndio unaowahusu zaidi watu wa Bariadi. Wachimbaji wadogo huliita shimo lao duara, wingi maduara, na neno hilo limeenea katika machimbo mengi nchini. Mfasiri asione haya kulitumia. Akiandika "shimo la uchimbaji", mwanasheria ataelewa. Akiandika "duara", mchimbaji ataelewa kwamba anasemwa yeye. Kuta za duara huloa, huvimba na kubomoka, hasa pale ambapo magogo ya kuziegemeza hayakuwekwa au yameoza. Mbomoko wa namna hii haungoji mlima. Simiyu ni nchi ya tambarare na vilima vya mawe, si nchi ya milima mirefu. Lakini mtu aliyechimba ardhi mita nyingi amejitengenezea mlima, naye amesimama chini yake.

Mwisho kuna kutitia kwa ardhi, yaani ardhi kuzama chini bila ya kuteremka upande wowote, kama inavyoweza kutokea juu ya mashimo ya kale yaliyoachwa.

NANI ANASEMA, NA ANASEMA NINI?

Baada ya kutaja kinachoanguka, yatupasa kutaja namna ya kusema. Hapa pana maneno matano ambayo katika matumizi ya kila siku huchanganywa: utabiri, angalizo, tahadhari, onyo na katazo.

Utabiri ni kauli juu ya mambo yatakayokuja, inayotolewa kwa kufuata vipimo. Wapo waliolinung'unikia neno hili kwa kuwa lina jirani asiyependeza, yaani mtabiri wa nyota na mpiga ramli. Wengine walitaka "ubashiri". Lakini kubashiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuleta habari njema. Si neno la kufaa kwa habari za kifusi. Utabiri wa hali ya hewa umekwisha kukaa katika masikio ya watu, na hakuna faida ya kuuondoa. La muhimu ni kukumbuka kwamba utabiri hauamuru. Unasema yatakayotokea au yanayoweza kutokea, basi.

Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni madaraja matatu yatumiwayo na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika taarifa zake za hali mbaya ya hewa, yakiambatana na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Mpango huu ni mzuri, na rangi humsaidia hata asiyesoma. Hata hivyo, pana mitego miwili ya lugha.

Mtego wa kwanza uko katika angalizo. Mikutanoni tumezoea kusikia mjumbe akisema, "Napenda kutoa angalizo dogo." Hapo angalizo ni maoni ya pembeni. Mtu aliyelizoea kwa maana hiyo halisikii kama daraja la hatari. Dawa yake ni kutolitangaza bila ya rangi na bila ya maelezo.

Mtego wa pili uko katika tahadhari. Kutahadhari ni tendo la msikilizaji: yeye ndiye anayejihadhari. Kutahadharisha ni tendo la msemaji. Methali yetu, tahadhari kabla ya hatari, yaliweka neno hili upande wa msikilizaji. Lakini katika taarifa rasmi tahadhari imekuwa jina la daraja linalotolewa na msemaji. Maana zote mbili ni halali, tatizo hutokea zinapokutana katika tangazo moja: "Tahadhari imetolewa, wananchi wachukue tahadhari." Sentensi hiyo inazunguka na kurudi pale pale. Msikilizaji ameambiwa kwamba ajihadhari kwa sababu ameambiwa ajihadhari. Hajaambiwa afanye nini.

Onyo lina historia yake maofisini. Kila mtumishi wa serikali anajua barua ya onyo ni nini: hupewa aliyekosa. Kwa hiyo, ijapokuwa kuonya ni kitenzi chema cha kutumia kwa jumla, jina onyo likitumiwa peke yake humfanya msikilizaji ahisi analaumiwa. Twapendekeza libaki jina la jumla, lisiwe daraja.

Katazo ni kitu kingine kabisa. Si kauli juu ya mambo yajayo, wala si shauri. Ni amri ya mwenye mamlaka kwamba jambo fulani lisifanywe, mahali fulani, kwa muda fulani. Neno marufuku hulitilia nguvu: "Ni marufuku kuteremka duarani." Katazo la kweli lina sehemu tano: nani amekataza, nini kimekatazwa, mahali gani, tangu lini, na mpaka lini au mpaka nini kitimizwe. Likikosa sehemu ya mwisho, katazo huchakaa. Watu hungoja, siku hupita, jua hutoka, mtu mmoja huingia akatoka salama, na wengine humfuata. Ndiyo maana twaona kwamba istilahi ya katazo haijakamilika bila ya pacha wake, yaani ruhusa ya kurejea: tamko la mwenye mamlaka kwamba amekagua na watu wanaweza kurudi. Mahali ambapo ruhusa ya kurejea hutolewa kwa utaratibu unaojulikana, ukimya wenyewe hueleweka kuwa katazo lingalipo.

Maneno haya matano hutoka katika vinywa vingi. Mamlaka ya Hali ya Hewa husema juu ya mvua. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini husema juu ya miamba na udongo. Tume ya Madini, kwa maafisa wake wa mikoani, husema juu ya machimbo. Kamati za usimamizi wa maafa, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeziweka katika ngazi mbalimbali za utawala, ndizo zinazopaswa kuyaunganisha yote na kuyafikisha kwa wananchi. Pale ambapo ofisi moja ingekuwa inasema, ingeweza kujizoesha maneno yake. Pale ambapo zinasema ofisi nne, hakuna njia ila kukubaliana.

NENO "WASTANI"

Sasa turudi kwenye daraja la kati. Katika taarifa za tahadhari husemwa kwamba uwezekano wa jambo kutokea ni wa wastani, au kwamba kiwango cha athari ni cha wastani. Hapa wastani ni hali ya katikati, baina ya ndogo na kubwa. Lakini katika mwelekeo wa msimu, utolewao kabla ya vuli au masika, husemwa kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Hapa wastani ni kiasi cha kawaida kwa hesabu ya miaka mingi. Mvua ya wastani, kwa maana hiyo ya pili, ni mvua iliyozoeleka. Kisha liko neno la mitaani: "Hali yako?" "Ya wastani tu." Yaani si haba, mambo yanakwenda.

Msikilizaji hana kamusi tatu kichwani. Aliyesikia mwezi wa Septemba kwamba wastani ni mvua ya kawaida, akisikia mwezi wa Desemba kwamba hatari ni ya wastani, ana haki ya kuelewa kwamba hatari ni ya kawaida. Na hatari ya kawaida si hatari; ni maisha. Uzoefu wa Uswisi umetuonyesha kwamba hapa ndipo watu hufa.

Tufanye nini? Kulifuta neno wastani hakuwezekani, wala si lazima. Katika mwelekeo wa msimu liachwe lilivyo, kwa kuwa huko lina maana ya hesabu iliyo wazi. Katika taarifa za hatari, twapendekeza mahali pake pashikwe na maneno yanayosema jambo litakavyokuwa. Badala ya "uwezekano wa wastani", isemwe "huenda ikatokea mahali pengi", au "huenda ikatokea mahali pachache", kama vipimo vinavyoonyesha. Badala ya "athari za wastani", zitajwe athari zenyewe: barabara kufungwa, kuta za maduara kubomoka, nyumba za bondeni kuingiliwa na tope. Pale ambapo nafasi ni finyu na neno moja latakiwa, "hatari ya kweli" lina nguvu kuliko "hatari ya wastani", wala halisemi uongo.

KUTOKA OFISINI HADI KITONGOJINI

Taarifa huandikwa mara moja, lakini husemwa mara nyingi. Huko Bariadi husomwa redioni, hutumwa kwa simu, kisha husimuliwa na mwenyekiti wa kitongoji katika mkutano, aghalabu kwa Kisukuma. Katika machimbo hali ni nyingine: wachimbaji hutoka mikoa mbalimbali, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo tangazo lile lile lina kazi mbili: kueleweka na watu wa makabila mengi duarani, na kufasirika vema kwa mzee aliyebaki nyumbani.

Mwenyekiti anayefasiri papo hapo hana wakati wa kutafakari. Akipewa maneno yenye maana mbili, atachagua moja, na pengine atachagua isiyo yake. Akipewa vitenzi vya kawaida na vitu vinavyoonekana, hatakosea. Hapo ujuzi wa wenyeji pia una nafasi. Wasukuma wana majina ya udongo yanayotofautisha mambo ambayo sisi kwa Kiswahili tunayaita udongo tu: luseni ni udongo wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaovimba uloapo na kupasuka ukaukapo. Mfasiri ajihadhari hapa, kwa sababu mbuga ya Kiswahili sanifu ni uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Lakini afisa anayesema na wenyeji akitaja udongo kwa jina wanalolijua, na kueleza ni upi unaolegea baada ya mvua ya siku nyingi, atakuwa amefundisha zaidi kuliko kwa kurasa za "maeneo hatarishi".

Tuchukue mfano wa tangazo tulilolitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka:

"Wananchi wanaoishi au kufanya shughuli zao katika maeneo hatarishi wanatahadharishwa kuchukua tahadhari kutokana na uwezekano wa wastani wa kutokea kwa maporomoko."

Hapana kosa la sarufi humo. Lakini mwananchi hajui kama eneo lake ni miongoni mwa hatarishi, hajui kinachoporomoka, hajui ni lini, wala hajui afanye nini. Sasa tulitazame tangazo hilo likiwa limeandikwa upya:

"Tahadhari, rangi ya chungwa. Kuanzia leo jioni hadi keshokutwa asubuhi yatarajiwa mvua kubwa. Ardhi imekwisha kulowa kwa mvua za juma hili. Kuta za maduara na kingo za makorongo huenda zikabomoka mahali pengi, hata baada ya mvua kukatika. Ni marufuku kuteremka duarani mpaka Afisa Madini akague na kutoa ruhusa ya kurejea. Mwenye nyumba ukingoni mwa korongo ahamie mahali pa juu kabla ya usiku. Ardhi ikibomoka, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mtu asiingie kifusini peke yake."

Tangazo la pili ni refu kuliko la kwanza, lakini kila sentensi ina kazi. Utabiri umesimama mahali pake, daraja mahali pake, katazo mahali pake, na ruhusa ya kurejea imeahidiwa. Yafaa walimu walitumie zoezi la namna hii darasani: wanafunzi wapewe tangazo la aina ya kwanza waligeuze kuwa la aina ya pili. Watajifunza sarufi, jiografia na uraia kwa pamoja.

ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Kwa kufupisha, twayaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe na kurekebishwa.

Janga: jambo la asili au la binadamu linaloweza kudhuru, kama mvua kubwa au poromoko la ardhi.

Maafa: madhara makubwa yaliyokwisha kuwapata watu na mali zao. Poromoko katika pori lisilo na mtu ni janga. Lililofunika kijiji ni maafa.

Hatari: uwezekano wa janga kuwafikia watu, pamoja na ukubwa wa madhara yake.

Poromoko la ardhi: tukio la udongo au mwamba kushuka kwa ghafla, jina la jumla. Likiwa la theluji, poromoko la theluji.

Mporomoko: kitendo au mwendo wa kuporomoka.

Mtelezo wa ardhi: ubavu wa mlima kushuka ukiwa umeshikamana.

Mkondo wa tope: mchanganyiko wa maji, udongo na mawe unaoteremka bondeni kwa kasi.

Mwanguko wa mawe: mawe kumeguka na kuanguka kutoka gengeni.

Mbomoko wa duara: kuta za duara la machimbo kubomoka.

Kutitia kwa ardhi: ardhi kuzama chini mahali ilipo.

Tabaka dhaifu: sehemu ya ndani ya ardhi, mwamba au theluji yenye mshiko mdogo, ambako mtelezo huanzia.

Kizingiti cha mvua: kiasi cha mvua ambacho kikivukwa, maporomoko hutarajiwa. Ni kweli kwamba kizingiti hutumika pia kwa maana ya kikwazo. Lakini kila mwenye nyumba anajua maana ya maji kuvuka kizingiti.

Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa: madaraja ya taarifa ya hatari, yatajwe daima pamoja na rangi zake.

Katazo: amri ya kutofanya jambo, yenye mwenye kuitoa, mahali, mwanzo na mwisho.

Ruhusa ya kurejea: tamko la mwenye mamlaka la kuondoa katazo baada ya ukaguzi.

Huenda msomaji akaona kwamba baadhi ya maneno haya ni ya kawaida mno kuitwa istilahi. Twakubali, na kwetu hiyo ni sifa. Istilahi ya tiba au ya sheria yaweza kungoja ifafanuliwe na mtaalamu aliye karibu. Istilahi ya kifusi haina nafasi hiyo: hana mtaalamu karibu yake yule anayeisikia alfajiri, mvua ikiwa ingali yanyesha, naye anafikiri kama ateremke au asiteremke. Neno tulilomchagulia ofisini ndilo atakalokuwa nalo, na lazima limtoshe.